Pumba kwa mifugo, sembe kwetu

*Ushahidi wa faida za nyuzinyuzi umekusanyika kwa zaidi ya miaka 50, na sehemu yake nono imetoka Afrika Mashariki. Kazi iliyobaki ni kuzirudisha sahanini bila kurudi na sumukuvu.*

Kwenye mashine ya kusaga nafaka ya mtaani, iwe Manzese, Mbagala au Majengo ya Moshi, mteja huulizwa swali moja kabla ndoo yake haijamiminwa: unakoboa, au dona? Wengi hukoboa. Mahindi hunyunyiziwa maji kidogo ili ganda lilegee, huingia kwenye kinu cha kukoboa, na pumba humwagika pembeni kwenye kiroba huku punje zilizobaki zikipelekwa kusagwa. Mteja analipa mara mbili, kukoboa na kusaga, kisha anaondoka na unga pungufu kuliko mahindi aliyoleta; mara nyingi karibu robo ya uzito, na pengine zaidi, imebaki kwenye kiroba. Wengi humwachia mwenye mashine pumba hizo, naye huwauzia wafugaji wa kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa. Mfugaji anajua anachonunua. Mle ndani mna ganda na kiini cha punje, yaani sehemu kubwa ya nyuzinyuzi za hindi, mafuta yake, vitamini zake za kundi B, madini ya chuma na zinki.

Gramu 100 za dona, yaani unga wa mahindi usiokobolewa, zina gramu 7 hivi za nyuzinyuzi. Yakikobolewa kupata sembe, hubaki kati ya gramu 2 na 4, kutegemea mashine na ukali wa mkobozi. Serikali ya Tanzania ililiona tatizo hili kwa jicho moja: kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wasindikaji waongeze kwenye unga wa mahindi na wa ngano virutubishi kama chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12. Ni hatua njema, maana ililenga upungufu wa damu na watoto wanaozaliwa na mgongo wazi. Nyuzinyuzi hazimo kwenye mchanganyiko ule, wala haziwezi kuwamo, kwa sababu virutubishi vingine huongezwa kwa vipimo vidogo mno ilhali kurudisha gramu 3 hadi 5 za nyuzinyuzi kwenye kila gramu 100 za unga ni kurudisha pumba zenyewe. Hapo ndipo hoja ya makala hii ilipo. Sehemu ya magonjwa yanayojaza kliniki za kisukari na presha tunailipia mashineni kwa hiari yetu, na njia ya kuipunguza ipo jikoni, ingawa si lazima ianzie kwenye dona kama wahamasishaji wanavyopenda kusema.

Mizani ya Mulago

Nyuzinyuzi, ambazo vitabu vya lishe huziita pia makapimlo, ni sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuimeng'enya. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya walizihesabu kama takataka tu, na viwanda vyao vilijisifu kwa kuziondoa. Aliyechangia sana kugeuza mjadala ni daktari wa upasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini, Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na baadaye Hospitali ya Mulago, Kampala. Dunia inamkumbuka zaidi kwa saratani ya watoto iliyopewa jina lake. Lakini yeye na mwenzake Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30, walishangazwa na wagonjwa ambao hawakuwaona wodini: wa kidole tumbo, wa bawasiri, wa saratani ya utumbo mpana, wa mawe ya nyongo. Magonjwa hayo yalikuwa mengi Uingereza na adimu Kampala.

Burkitt hakuona haya kupima kitu ambacho wengi hawapendi hata kukitaja mezani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1972 na jarida la Lancet, yeye na wenzake walipima uzito wa choo na muda ambao chakula hutumia kupita tumboni. Wanavijiji wa Uganda waliokula ndizi, viazi, maharage na nafaka nzima walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na safari ya chakula ilichukua kama saa 36. Wanamaji wa Uingereza waliokula mkate mweupe walitoa gramu 100 hivi, na chakula kilikaa ndani kwa zaidi ya saa 80. Kwa Burkitt, tofauti hiyo ilibeba maelezo ya karibu kila kitu. Alikuwa mhubiri kwa moyo wake, na mhubiri huwa na tabia ya kuvuta kamba kuliko inavyofika.

Udhaifu wa hoja yake ni rahisi kuuona leo. Alilinganisha jamii nzima kwa jamii nzima. Mwanakijiji wa Uganda alitofautiana na mwanamaji kwa jembe alilolishika tangu alfajiri, kwa nyama kidogo, kwa uzito wa mwili, na kwa ukweli mchungu kwamba wengi walikufa kabla ya kufikia umri wa saratani ya utumbo, tena bila kipimo chochote. Huwezi kuchukua tofauti zote hizo ukazitundika kwenye ganda la nafaka. Mtego huohuo upo kwenye takwimu zetu wenyewe. Utafiti wa Donald McLarty na wenzake, uliochapishwa mwaka 1989, ulipima vijiji sita vya Tanzania na kukuta kisukari kwa chini ya mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1 wana kisukari na robo wana shinikizo la juu la damu. Vipimo na makundi ya umri havikuwa sawa, na katikati ya miaka hiyo zimeingia bodaboda, soda, kazi za kukaa na mafuta ya kupikia ya bei nafuu. Pengo ni kubwa mno kulipuuza, lakini peke yake halimtaji mkosaji.

Wiki mbili za kubadilishana sahani

Njia ya kutoka kwenye mkanganyiko huo ni kuwachukua watu walewale, kuwabadilishia chakula na kuangalia. Timu ya mtafiti Stephen O'Keefe ilifanya hivyo na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walilishwa kwa wiki mbili chakula cha vijijini Afrika Kusini, nyuzinyuzi zikapanda kutoka gramu 14 hadi 55 kwa siku na mafuta yakapungua. Waafrika Kusini 20 wa vijijini wakalishwa soseji, baga na chipsi, nyuzinyuzi zao zikashuka kutoka gramu 66 hadi 12. Ndani ya siku 14 tu, kwa Wamarekani dalili za uvimbe na za kasi ya kuzaliana kwa seli kwenye ukuta wa utumbo mpana zilipungua. Kwa wale wa Afrika Kusini mambo yakaenda kinyume. Butireti, asidi ambayo bakteria wa utumboni huitengeneza wanapochachusha nyuzinyuzi, ilipanda mara mbili na nusu kwa kundi la kwanza na kushuka kwa nusu kwa la pili.

> Bakteria wa utumbo mpana hula kile ambacho sisi tumeshindwa kukimeng'enya. Tukila unga mtupu, wao hulala njaa.

Butireti inastahili aya yake, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini "kusafisha tumbo" ni maelezo nusu. Seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kutokana na asidi hiyo, na hutulia zinapoipata. Nyuzinyuzi zinazolainika majini, kama zile za maharage, shayiri na bamia, hufanya kazi nyingine juu zaidi: hugeuka ute unaochelewesha sukari kuingia kwenye damu, kisha hushika nyongo na kutoka nayo, hivyo ini hulazimika kuvuta lehemu kutoka kwenye damu ili litengeneze nyongo mpya. Zile ngumu za ganda la nafaka huongeza ujazo wa choo na kuharakisha safari. Hata wanga unaweza kujiunga na kundi hili: wali au ugali ukipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa sugu kwa mmeng'enyo, ukawafikia bakteria kule chini. Waliozoea kukicheka kiporo wana maneno ya kurudisha, mradi kilihifadhiwa vizuri.

Jaribio lililo karibu zaidi nasi lilifanyika Kilimanjaro, likaongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi pamoja na wenzao wa Moshi, na kuchapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine. Vijana wa kiume 77 wenye afya, wa mjini na vijijini, walishiriki. Wa vijijini waliotolewa kwenye chakula cha asili, kama kiburu, ndizi, maharage na mboga za majani, na kupewa soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki mbili, walionyesha kupanda kwa protini za uvimbe kwenye damu, na seli zao za kinga zikapungukiwa nguvu ya kukabili vimelea. Wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili walipata nafuu upande huohuo. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa yangali yakionekana wiki nne baada ya jaribio kwisha. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya asili ya ndizi, kwa wiki moja na dalili za uvimbe zikashuka pia. Wapenzi wa mbege wasishangilie mapema: kilichopimwa ni wiki moja tu, nayo mbege inabaki kuwa pombe.

Majaribio haya yana mipaka. Yalihusisha watu wachache, lile la Moshi wanaume peke yao, na yalipima dalili badala ya ugonjwa wenyewe. Tena chakula chote kilibadilishwa, kwa hiyo sifa haiwezi kuwa ya nyuzinyuzi pekee. Ndipo unapohitaji ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 2019 Andrew Reynolds, Jim Mann na wenzao walichapisha uchambuzi uliofanywa kwa maombi ya Shirika la Afya Duniani, wakiunganisha tafiti 185 zilizofuatilia watu kwa miaka na majaribio ya kitabibu 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi, wakilinganishwa na waliokula kidogo, walikuwa na upungufu wa asilimia 15 hadi 30 katika vifo, magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana. Faida ilionekana wazi zaidi kwenye gramu 25 hadi 29 kwa siku. Tafiti nyingi kati ya hizo zilifuatilia watu wa nchi tajiri, lakini zikisomwa pamoja na yaliyoonekana Moshi na Afrika Kusini, picha haigongani. Mwaka 2023 shirika hilo liliweka kiwango: angalau gramu 25 kwa siku kwa kila mwenye umri wa miaka 10 na zaidi.

Wanaobisha wana hoja

Pingamizi la kitaalamu linaanzia mwaka 2000. Majaribio mawili makubwa ya Marekani yaliwachukua watu waliokwisha kuondolewa vinyama, vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani, kwenye utumbo mpana. Moja liliwapa pumba za ngano, jingine likawaweka kwenye mlo wenye mafuta kidogo, mboga na nyuzinyuzi nyingi. Baada ya miaka mitatu, minne, vinyama vilirudi kwa kiwango kilekile cha wenzao. Watetezi wa nyuzinyuzi hawapendi kuyataja, nao wanakosea. Majaribio yale yanatufundisha kwamba mtu wa miaka 60 hawezi kufuta nusu karne ya ulaji kwa bakuli la pumba, na kwamba ganda la nafaka moja lililonyunyizwa juu ya mlo uleule si sawa na kubadili mlo. Kwa hiyo makopo na vidonge vya nyuzinyuzi vinavyouzwa madukani kwa maneno matamu vinaazima sifa ambayo ushahidi uliipa maharage, mboga na nafaka nzima.

La gesi tumboni ni la kweli na dogo. Atakayeruka kutoka gramu 10 hadi 40 kwa siku moja atajuta usiku. Kuongeza polepole kwa wiki kadhaa, kunywa maji ya kutosha, kuloweka maharage na kumwaga maji yake, hayo yanatosha kwa walio wengi. Mwenye ugonjwa wa utumbo amsikilize daktari wake kwanza. La madini ni zito zaidi. Ganda la nafaka lina faiteti, ambayo hukamata chuma na zinki na kuvizuia visifyonzwe, na katika nchi yenye upungufu wa damu kwa wanawake na watoto hilo si jambo la kupuuzwa. Lakini kukoboa huondoa faiteti pamoja na sehemu kubwa ya chuma chenyewe, kwa hiyo mkobozi hapati faida anayoidhania. Wazee walikuwa na jibu la tatu: kulowesha, kuotesha na kuchachusha, kama inavyofanywa kwenye togwa, huvunja faiteti na kuacha chakula mahali pake. Mtoto mdogo ana hesabu yake. Tumbo lake halina nafasi, na akijazwa uji wa pumba atashiba kabla hajapata nguvu. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinaanzia miaka miwili, kwa gramu 15.

Pingamizi lisilojibika kwa kaulimbiu

Sumukuvu ndiyo inayopaswa kumnyima usingizi kila anayehubiri dona. Kuvu wanaoizalisha huota kwenye mahindi yaliyopata ukame shambani, yakaanikwa chini, yakahifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 watu 68 waliugua Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafa. Mwaka 2004 Kenya ilipoteza watu 125 katika wagonjwa 317 waliorekodiwa, wengi wao wa Ukambani. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hafi ghafla, lakini ini lake limo hatarini, hasa akiwa na homa ya ini aina ya B. Kupika hakuiondoi. Na sumu hii hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini. Maana yake, kwa mahindi yaleyale mabovu, anayekula sembe hula sumu kidogo kuliko anayekula dona. Mama aliyesimama mashineni akasema "koboa" anaweza kuwa amejilinda bila kujua.

> Sumu iliyobaki kwenye pumba huenda kwa ng'ombe, kisha hurudi nyumbani kwenye chupa ya maziwa.

Kinga hiyo, hata hivyo, ina tundu. Pumba haziishii mashineni. Ng'ombe anayezila huibadili sumukuvu mwilini na sehemu yake hutoka kwenye maziwa, na wanywaji wakubwa wa maziwa ni watoto. Tumeiondoa sumu kwenye ugali wa baba tukaipeleka kwenye kikombe cha mwanawe, huku nyuzinyuzi zikipotea njiani. Ufumbuzi upo kabla ya mashine: kuanika juu ya turubai, kukausha hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, kuchambua punje zilizovunjika na zenye ukungu, kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa ambayo wakulima wengi wanaiita kinga njaa. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya sehemu 10 za sumukuvu katika kila sehemu bilioni moja za nafaka. Kusimamia kiwango hicho kwa msindikaji mkubwa kunawezekana. Kwenye mashine ya mtaani, ambako kila ndoo imetoka shamba lake, ni ndoto kwa sasa. Ushauri wa kweli basi hutofautiana kwa kaya: aliyevuna, akakausha na kuchambua mahindi yake ana kila sababu ya kusaga dona. Mnunuzi wa mjini asiyejua mahindi yalilala wapi asilaumiwe akikoboa.

Sufuria kabla ya kinu

Ila mnunuzi huyo hajafungiwa mlango. Tuchukue siku yake. Ugali wa gramu 150 za unga humpa gramu 10 hivi za nyuzinyuzi ukiwa wa dona, na 4 au 5 ukiwa wa sembe. Kikombe cha maharage yaliyoiva humpa 11 au zaidi. Mchicha au kisamvu cha kutosha humpa 2 au 3, pera moja 3. Mwenye dona anavuka 25, na mwenye sembe anafika 20 na ushee. Kiazi kitamu cha chai ya asubuhi, badala ya mkate mweupe, kinaziba pengo. Sasa mwondolee maharage. Hata dona haimfikishi. Na kwenye mlo wa wali mweupe na kuku, ambao ndio ishara ya kufanikiwa kwenye kila sherehe, sahani nzima ya wali huleta gramu moja na kidogo. Ndiyo sababu kampeni ya lishe inayotumia nguvu zake zote kubishana na weupe wa sembe inapigana mahali pagumu zaidi. Weupe huo una historia ya heshima: dona ilikuwa chakula cha shule za bweni na cha magereza, na unga wa njano wa msaada uliobatizwa jina la Yanga uliacha kumbukumbu ya njaa. Maharage hayana uadui huo na mtu.

Yana gharama, hata hivyo, na hapa wahubiri wa afya huwa kimya. Maharage ni ghali kuliko unga na yanakula mkaa. Kuloweka usiku kucha hupunguza muda wa moto, na choroko na kunde huiva upesi zaidi. Kisha kuna mbaazi. Tanga, Mombasa na Unguja zinaliwa asubuhi kwa tui la nazi na mahamri, na gramu 100 zilizopikwa zina karibu gramu 7 za nyuzinyuzi, sawa na maharage. Lakini Lindi, Mtwara na Manyara huzilima hasa kwa ajili ya India. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazoagiza, bei iliporomoka na wakulima wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Magereza, kambi za jeshi na hospitali hununua chakula kwa zabuni. Zabuni hizo zikitaja mbaazi kwa kilo, mkulima wa Babati atakuwa na soko ambalo halisubiri tangazo kutoka Delhi.